Usikubali Barafu Imfiche Mwanao

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mzazi anayetaka picha nzuri ya mwanawe akicheza mpira wa magongo wa barafuni hana budi kuinama sana, maana picha hiyo ni ngumu kuliko nyingi za kifamilia. Mtoto anakwenda kwa kasi, ukumbi una mwanga hafifu, uso umejificha nyuma ya wavu wa chuma, na chini ya miguu kuna barafu nyeupe inayoidanganya kamera.

Huenda msomaji wa Nakuru au Kakamega akauliza barafu inamhusu nini. Inamhusu. Familia nyingi za Wakenya zimehamia Kanada na majimbo ya kaskazini mwa Marekani kama vile Minnesota, ambako mchezo huu unapendwa jinsi kandanda inavyopendwa kwetu. Watoto wanaolelewa huko huomba viatu vya kutelezea jinsi wa hapa wanavyoomba mpira. Alfajiri ya Jumamosi, jua halijachomoza, baba au mama hubeba mfuko wa vifaa na kumpeleka mtoto mazoezini, kwa sababu timu ni nyingi, kumbi ni chache na zamu za asubuhi ndizo huangukia wadogo.

Baadaye picha hutumwa nyumbani kwa simu. Nyanya huvaa miwani, akaitazama, akaisogeza karibu na dirisha, kisha akauliza: "Sasa mjukuu wangu ni yupi hapa?" Anachokiona ni barafu ya rangi ya majivu, jezi iliyofifia, na kofia ngumu ambayo ndani yake mna giza tupu. Mtoto yumo pichani lakini uso wake haumo.

Mzazi asidhani kwamba kosa ni la simu yake ama kwamba hana kipaji. Kuna sababu zinazoeleweka, na kila sababu ina dawa yake.

MACHO HUONA, KAMERA HAIONI

Anayeingia katika ukumbi wa barafu wa mtaani hahisi kwamba kuna giza. Anaona mistari myekundu na ya buluu, anaona jezi, hata anasoma matangazo ukutani. Macho ya binadamu ni hodari kujirekebisha. Kamera haina uhodari huo. Hesabu ya wapigapicha yaonyesha kwamba mwanga wa jua la adhuhuri unaweza kuupita ule wa ukumbi wa kawaida kwa zaidi ya mara 200. Kumbi za timu kubwa za kulipwa, ambazo mechi zake huonyeshwa kwenye televisheni, zina taa kali zaidi, na baadhi ya wapigapicha rasmi hufunga mitambo yao ya mwako huko juu darini. Ukumbi wa watoto hauna anasa hiyo. Taa zake ziliwekwa ili wachezaji waone njia na bili ya umeme isiiumize manispaa.

Ili kupata mwanga wa kutosha, mpigapicha ana mambo matatu tu ya kucheza nayo. Yafananishe na kuteka maji mferejini. La kwanza ni upana wa mdomo wa mfereji, yaani tundu la lenzi. La pili ni muda unaouacha wazi, yaani kasi ya shata, kile kilango kinachofunguka na kufunga ndani ya kamera. La tatu ni ukubwa wa chombo, kwani kikombe hujaa upesi kuliko ndoo. Hilo ndilo linaloandikwa ISO kwenye kamera: namba ikipanda, mwanga mdogo hutosha.

Anza na muda, kwa maana hapo ndipo wengi hupotea. Mtoto anayeteleza kwa mwendo wa kilomita 18 kwa saa husafiri mita tano kila sekunde. Shata ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 60 ya sekunde, atakuwa amesogea zaidi ya sentimita nane, na uso wake utakuwa ukungu. Ikikaa wazi kwa sehemu moja ya 500, atakuwa amesogea sentimita moja tu. Kwa hiyo vijana wa miaka 12 na zaidi wahitaji sehemu moja ya 500 au kasi zaidi. Vitoto vya miaka sita, ambavyo bado vinajifunza kusimama, huweza kunaswa kwa sehemu moja ya 250.

Kuhusu tundu la lenzi, kumbuka kwamba namba ndogo ndiyo tundu kubwa. Lenzi nyingi zinazouzwa pamoja na kamera hufikia f/5.6 zinapovuta mbali, nazo hupitisha robo tu ya mwanga unaopitishwa na lenzi ya f/2.8. Lenzi wanayoitumia wataalamu, ile ya milimita 70 hadi 200 yenye f/2.8, ni ghali mno. Mzazi wa kipato cha kadiri anaweza kutafuta lenzi ya milimita 85 yenye f/1.8, hata iliyotumika. Haivuti mbali na haibadiliki urefu, lakini hupitisha mwanga mara mbili na ushei kuliko ile ya bei kubwa.

Kinachobaki hujazwa na ISO. Usiogope kupanda hadi 3200 ama 6400. Zamani za filamu, namba kama hizo zilizaa picha zenye chembechembe kama unga wa dona. Mambo yalianza kubadilika kwa kishindo mwaka wa 2007, Nikon ilipotoa kamera ya D3 iliyofanya kazi vizuri kwa ISO 6400, na leo hata kamera za kawaida zimeifikia. Chembechembe zikionekana, si msiba, kwani programu za kompyuta huzipunguza. Picha iliyopata ukungu kwa sababu mtoto alisogea ndiyo isiyo na dawa ya kweli.

BARAFU NYEUPE, USO MWEUSI

Hapa sasa ndipo penye kiini cha jambo, na ndipo mzazi Mwafrika anapotakiwa kuwa macho kuliko wenzake.

Ndani ya kila kamera mna kipimamwanga. Kifaa hicho hakijui kinachotazamwa. Kimefundishwa kuamini kwamba ukichanganya vyeupe na vyeusi vyote vilivyo mbele yake, utapata kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye barafu, ambayo hujaza sehemu kubwa ya picha, hudhani kwamba mwanga umezidi. Basi hupunguza. Barafu hugeuka kijivu, na kila kilicho juu yake huzama gizani pamoja nayo.

Mtoto mwenye ngozi nyeupe hupungukiwa, lakini uso wake bado huonekana. Mtoto mweusi, ambaye uso wake tayari umo kivulini mwa kofia na nyuma ya wavu, hupotea kabisa. Kamera haikumchukia, ilidanganywa na weupe uliomzunguka.

Wenye kumbukumbu watasema jambo hili si geni. Kwa miaka mingi maabara za kusafisha filamu zilirekebisha rangi kwa kutumia kadi zilizotolewa na kampuni ya Kodak, zenye picha ya mwanamke wa Kizungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley. Rangi ya ngozi yake ikawa ndicho kipimo, na ngozi nyeusi zikatoka kama masizi. Mtafiti Lorna Roth wa Chuo Kikuu cha Concordia, mjini Montreal, aliieleza historia hiyo katika utafiti aliouchapisha mwaka wa 2009. Alibaini kwamba miongoni mwa waliolalamikia filamu hizo walikuwamo watengenezaji wa chokoleti na wa samani, kwa kuwa bidhaa zao za rangi ya kahawia hazikuonekana sawasawa. Katika miaka ya 1990 ndipo Kodak ilipotoa kadi yenye wanawake wa rangi mbalimbali. Kamera za siku hizi ni bora sana, ila barafu ingali ina uwezo wa kuzirudisha kwenye mtego ule ule.

Wala watoto weusi si wageni katika mchezo huu. Ligi ya wachezaji weusi ilianzishwa Halifax, Kanada, mwaka wa 1895. Tarehe 18 Januari 1958, Willie O'Ree wa Fredericton aliingia uwanjani mjini Montreal akiwa na jezi ya Boston Bruins, akawa mweusi wa kwanza kucheza katika ligi kuu ya NHL. Alicheza huku jicho lake la kulia likiwa karibu halioni kabisa, baada ya kupigwa na kile kisahani cha raba ambacho mchezo huu hukitumia badala ya mpira. Mwaka wa 2018 aliingizwa katika jumba la heshima la mchezo huo. Mtoto anayetaka kufuata nyayo kama hizo anastahili picha zinazomwonyesha.

Je, mzazi afanye nini? Karibu kila kamera, na simu nyingi pia, ina sehemu yenye alama za kujumlisha na kutoa. Ukijumlisha moja, unaiambia kamera ikusanye mwanga maradufu. Barafuni, anza na kujumlisha moja, kisha upige picha ya majaribio watoto wanapopasha misuli moto. Ikuze picha hiyo kwenye kioo cha kamera na utazame mambo mawili. Kwanza, macho ya mtoto yaonekana ndani ya kofia? Pili, mikwaruzo ya viatu kwenye barafu bado yaonekana? Ikiwa macho hayaonekani, ongeza. Ikiwa mikwaruzo imefutika na barafu imekuwa kama shuka jeupe, umezidisha. Lakini ikibidi kuchagua, afadhali barafu ipotee kidogo kuliko uso.

Mwenye kamera inayokubali kupangwa kwa mkono atafanya vyema zaidi kuyafunga mambo yote matatu mara tu anapopata kipimo kizuri. Taa za ukumbini hazibadiliki kama jua linaloingia na kutoka mawinguni. Kipimo cha saa kumi na mbili asubuhi chafaa hadi kipenga cha mwisho.

TAA ZENYE KIGEUGEU

Wazazi wengi hushangaa kuona picha tatu zilizopigwa mfululizo zikitoka moja njano, moja kijani na nyingine yenye giza. Hapo wa kulaumiwa ni taa. Kumbi nyingi za zamani hutumia taa kubwa ambazo balbu zake zina mvuke wa metali. Taa hizo hupanda na kushuka kwa kufuata mapigo ya umeme. Huko Amerika ya Kaskazini umeme hupiga mizunguko 60 kwa sekunde, hivyo taa hupepesa mara 120. Hapa Kenya, ambako umeme ni wa mizunguko 50, hupepesa mara 100. Jicho halitambui. Shata ya sehemu moja ya 500 ya sekunde hukamata kipande tu cha pigo hilo, na kila kipande kina mwanga na rangi yake.

Mwaka wa 2014 Canon ilitoa kamera ya EOS 7D Mark II iliyoweza kuisubiri taa ifike kileleni ndipo ipige, na tangu hapo kamera nyingi zimepewa uwezo huo. Tafuta katika mpangilio wa kamera yako neno linalohusu kupepesa kwa taa, na uliwashe. Asiye nalo apige picha nyingi mfululizo, kisha achague. Au mchezo unaposimama na watoto wametulia, apunguze kasi hadi sehemu moja ya 125, ili pigo zima la taa liingie.

Na flashi je? Tafadhali iache nyumbani. Kumbi nyingi huikataza, na kwa haki. Ukiiwasha nyuma ya kioo cha uwanja, mwanga wake hurudi na kukuachia doa jeupe. Mbaya zaidi, kipa wa miaka kumi anayesubiri kisahani cha gramu 170 kilichogandishwa hapaswi kumulikwa machoni.

MAHALI PA KUSIMAMA

Mwenye lenzi fupi asikae juu kwenye viti. Ashuke hadi kwenye kioo kinachozunguka uwanja, atafute kipande kisicho na alama nyeusi za visahani, akifute kwa kitambaa, kisha aibandike lenzi karibu kabisa na kioo. Kikofia cha mpira kinachovishwa lenzi huzuia taa za nyuma zisijiakisi. Apige akiwa ameelekea mbele moja kwa moja, kwani akipiga kimshazari kioo hupindisha picha.

Kona zilizo karibu na lango la wapinzani ndizo bora, kwa sababu watoto huja wakikuelekea. Ukikaa nyuma ya timu ya mwanao utarudi na picha za migongo. Aidha, tembea kando ya uwanja kabla ya mchezo na uangalie barafu ilipo angavu zaidi. Taa hazigawi mwanga sawasawa, na hatua tano tu zaweza kuleta tofauti kubwa.

Mahali huweza kumfanya mtu akumbukwe milele. Tarehe 10 Mei 1970, mpigapicha Ray Lussier wa gazeti moja la Boston alimnasa Bobby Orr akiwa hewani, amejinyoosha kama ndege, muda mfupi baada ya kufunga bao lililoipa Boston Bruins ubingwa. Inasimuliwa kwamba Lussier alikuwa ameketi kwenye kigoda cha mwenzake, aliyekuwa ameondoka kutafuta kinywaji. Bao ni lile lile kwa waliokuwapo wote, ila pembe iliyofaa ilikuwa yake.

Hata hivyo, mzazi asifukuze mabao pekee. Uso wa mtoto huonekana zaidi mchezo unapotulia: anaposubiri kisahani kiangushwe, anapokaa benchi akihema, anapoinua kichwa kuitafuta familia yake kwenye viti. Akiinua kichwa, mwanga wa darini huingia ndani ya wavu, na kamera humwona. Wavu wenyewe hauvuliwi, kwani ni sheria ya kulinda macho na meno ya watoto. Ndiyo maana wakati wa kupeana mikono mwisho wa mchezo, na wakati kofia zinapovuliwa kwa picha ya timu, mzazi awe tayari kuliko wakati mwingine wowote.

SIMU, BARIDI NA WATOTO WA WENZIO

Wenye simu wasikate tamaa. Wajue tu kwamba simu inapoona giza huunganisha picha kadhaa kuwa moja, na mtoto anayekimbia hugeuka mzuka. Uzime mpangilio huo wa usiku, sogea karibu na kioo, usivute picha kwa vidole, gusa uso wa mtoto kwenye skrini kisha upandishe mwanga.

Baridi nayo ina visa vyake. Betri huisha upesi, kwa hiyo ile ya akiba iweke mfuko wa ndani wa koti, karibu na mwili. Ukirudi kwenye nyumba yenye joto, usiitoe kamera mkobani mara moja, maana umande utaifunika lenzi na hata kuingia ndani. Iache ipate joto polepole kwa saa moja hivi.

La mwisho ni adabu. Picha ya mwanao huwa na watoto wa wenzio ndani yake. Omba ruhusa kabla ya kuzisambaza. Katika vyumba vya kubadilishia nguo, kamera na simu hazitakiwi kabisa; chama cha mchezo huo nchini Marekani kinakataza kupiga picha humo, na hakuna mzazi mwenye busara atakayelalamikia sheria hiyo.

SOMO KWETU

Hapa nyumbani barafu si hadithi ya mbali tu. Uwanja wa barafu wa hoteli ya Panari, kwenye barabara ya Mombasa jijini Nairobi, ulifunguliwa mwaka wa 2005, na humo ndimo timu ya Kenya Ice Lions ilimokulia. Mwaka wa 2018 wachezaji wake, ambao hawakuwa na timu ya kushindana nayo nyumbani, walialikwa Kanada na kucheza pamoja na nyota Sidney Crosby na Nathan MacKinnon. Mwaka wa 2024 Kenya ilipokewa kuwa mwanachama wa shirikisho la kimataifa la mchezo huo.

Lakini hata asiyewahi kukanyaga barafu ataufaidi ujuzi huu. Bibi harusi aliyevaa gauni jeupe, mtoto wa ubatizo katika shuka jeupe, kwaya yenye majoho meupe katika kanisa lenye madirisha madogo: yote hayo huidanganya kamera kama barafu inavyoidanganya. Gauni hutoka zuri na uso wa bibi harusi ukawa kivuli. Dawa ni ile ile. Jumlisha mwanga, tazama macho, ongeza tena ikibidi.

Na picha nzuri ikishapatikana, usiiache ndani ya simu ambayo kesho itaibwa au kuanguka majini. Kila mwisho wa msimu chagua moja, ipeleke studio ichapishwe, na nyuma yake uandike kwa kalamu jina la mtoto, namba ya jezi na mwaka. Kisha itume kwa nyanya. Safari hii hatauliza mjukuu wake ni yupi.